Harusi Iliyofika Musoma kwa Mkanda wa Kaka Rajabu

Jamani, tangu nishuke melini sijapata hata nafasi ya kukalia cherehani yangu. Kila anayepita barazani anauliza, "Bi Zena, ni kweli Hamisi alifika kwenye harusi yake kama maiti?" Mwingine kasikia gari liliungua. Mwingine tena, na huyo namjua, anatangaza sokoni kwamba kaka yangu aliingia ukweni suruali ikiwa mkononi. Basi naandika mara moja, mpitishiane, na mimi nishone nguo za watu. Gari halikuungua. La suruali ni kweli.

Kwa wale wasiotujua vizuri: Hamisi ni mtoto wa kaka yangu Rajabu, na nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki. Ana lori dogo la kubebea samaki na pamba. Mchumba wake, Mwanaidi, ni binti pekee wa Mzee Sefu wa Musoma, fundi wa injini za boti na za magari, mtu ambaye hukuamkia huku kichwa kimeelekea kwenye boneti yako. Mwezi uliotangulia Hamisi alitakiwa kwenda kujitambulisha. Gari likamharibikia njiani, akafika kesho yake. Mzee Sefu alimkaribisha chai, kisha akamwambia hivi: "Ijumaa ya harusi nakusubiri baada ya sala. Ukichelewa tena, wewe geuza tu. Binti yangu hatakosa mume hapa hapa Musoma." Hamisi alirudi amekonda. Kwa hiyo mjue kabisa, tulipopanda lile lori tulikuwa tumebeba ndoa ya mtoto, na ilikuwa inaning'inia.

Mwanza hadi Kisesa, kwa mwendo wa maharusi

Tuliondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri. Mbele alikaa Hamisi na baba yake, nyuma tulikaa sisi wanawake wa kundi la waimbaji na matari yetu, magodoro, masufuria, kapu la chapati, kapu la sambusa, na Bi Tatu, ambaye peke yake ni mzigo wa kutosha. Msinitazame hivyo, mwenyewe anasema.

Kaka Rajabu alikuwa amevaa suruali yake ya kaki na ule mkanda wake. Mnaujua. Ngozi nene ya ng'ombe, kishikizo cha shaba, alirudi nao kutoka vitani Burma na anaupaka mafuta kila wiki kuliko anavyojipaka mwenyewe. Tumbo limekua tangu vita viishe, lakini mkanda ule ulikuwa mrefu tangu mwanzo, akawa anasogeza tundu tu.

Sasa, gari la harusi halikimbii. Hilo hata mtoto analijua. Wimbo lazima usikike, watu watoke nyumbani, watoto wapunge mikono, wazee waulize ni wa nani. Tulipotoka mjini Hamisi akaanza kukanyaga mafuta kama anawahi soko la samaki. Nikagonga paa la mbele.

"We Hamisi! Nani atasikia wimbo ukipita hivi?"

"Shangazi, safari ndefu!"

"Polepole!"

Akapunguza, akaweka gia ndogo. Injini ikanguruma, ikameza wimbo wote. Nikagonga tena.

"Na hiyo kelele uizime!"

Basi akarudisha gia kubwa, lakini mwendo akauacha ule ule wa kutembea. Gari likatulia, likawa linatetemeka kidogo tu kwa chini. "Hapo hapo!" nikamwambia. "Usiguse kitu!" Na hakugusa. Tulipanda kila kilima na gia ile kubwa, gari likijikaza, sisi tukiimba. Niliona raha ambayo siielezi. Kisesa walitoka hadi wagonjwa kututazama.

Magu, tunakohutubia

Mnajua jinsi Uhuru ulivyo bado mbichi siku hizi. Bendera mpya kila mahali, na kila gari lililopambwa watu hudhani limebeba mkubwa wa chama. Sisi lori letu lilikuwa na majani ya mgomba, karatasi za rangi, na wanawake waliovaa kanga sare. Kufika Magu tukakuta watu wamejaa barabarani, wametusikia tangu mbali.

"Uhuru!" wakaita.

"Na kazi!" tukajibu, maana usipojibu utaonekanaje?

Kosa likawa hilo. Wakafungua mlango wa mbele, wakamtazama Kaka Rajabu, tumbo lile, kofia ile, mkanda ule unaong'aa, wakampandisha juu ya kreti. Kaka akajaribu kueleza. "Ndugu zangu," akasema, "sisi tunakwenda Musoma." Makofi. "Tunakwenda kumchukua Mwanaidi." Makofi zaidi, vigelegele. "Naomba mtuachie njia." Wakashangilia mpaka mbuzi wakakimbia.

Mzee mmoja akasimama, akauliza zahanati itajengwa lini. Kaka yangu, kwa haraka ya kutoka pale, akajibu, "Tukirudi." Mnaona mambo hayo? Tulipewa jogoo, maziwa ya mgando na mfuko mzima wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na tukapikiwa nyingine na karanga. Nilikula mpaka nikalegeza kanga. Hamisi hakula. Alikuwa anatazama jua na kutikisa miguu.

Nassa, na tari lisilo na mwenyewe

Baada ya Magu wimbo wetu ulikolea ajabu. Palikuwa na mdundo fulani chini yetu, ko-ko-ko, ko-ko-ko, umetulia kabisa, na sisi tukaufuata. Bi Tatu akatunga beti mpya juu yake. Kila tukipanda kilima ule mdundo unazidi nguvu, na sisi tunazidi.

Karibu na Nassa tukasimama tunywe maji. Matari tukayaweka chini. Hamisi aliacha injini inawaka, na ule mdundo ukaendelea.

"Nani huyo hajaacha kupiga?" Bi Tatu akafoka. "Tumepumzika!"

Tukatazamana. Kila mtu mikono yake ilikuwa mitupu, wengine wameshika vikombe. Msukuma mmoja aliyekuwa anapitisha ng'ombe akasimama, akaegemea fimbo yake, akasikiliza kwa makini.

"Mama," akaniambia, "hili gali lenu linapiga ngoma lenyewe."

Hamisi aliruka nje. Akaweka sikio kwenye boneti. Uso ulimbadilika.

"Konrodi," akasema. "Beringi zimekwisha."

Ngoja niwaeleze nilivyoelezwa, maana sasa mimi ni mtaalamu. Ndani ya injini kuna mikono ya chuma inayoitwa konrodi. Pistoni ikisukumwa chini na moto wa petroli, mkono wake unasukuma krenki, ule mhimili wa injini, krenki inazunguka, gari linakwenda. Pale mkono unapoishika krenki kuna kipande cha chuma laini kilichopindwa kama ganda, ndiyo beringi, nacho kinaogelea kwenye oili ili vyuma visisagane. Ganda likilika, panabaki nafasi, na kila pistoni ikisukumwa mkono unagonga krenki: ko! Huo ndio mdundo tulioutungia beti.

Hamisi akachomoa nyaya za plagi, zile zinazowasha moto huo, mmoja mmoja, huku injini inawaka. Ya kwanza, ko-ko-ko. Ya pili, ko-ko-ko. Alipochomoa ya tatu mdundo ukafifia ghafla, kwa sababu pistoni ile ilikuwa haisukumwi tena. Akaurudisha waya, ngoma ikaanza upya. "Namba tatu," akasema, akazima gari, akakaa chini kwenye vumbi.

Ilikuwa alasiri ya Alhamisi. Ukivuka pale unaliona ziwa, limetulia, na Musoma iko mbali kule. Watu wakakusanyika, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mkerewe muuza samaki akasema ni vumbi, limeingia kwenye oili na kulisaga ganda kama jiwe la kusagia. Kijana mwenye baiskeli akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akasema oili ni chache, tena nyepesi kama chai ya msibani. Katekista mmoja wa Kijita, mtu mpole sana, akamtazama Bi Tatu, akasema labda ni uzito.

"Uzito wa nani?" Bi Tatu akauliza.

"Wa magodoro, mama," akajibu haraka.

Tukacheka mpaka machozi. Hamisi hakucheka. "Shangazi," akaniambia kwa sauti ya chini, "nikiwasha hivi, mkono utakatika na kutoboa injini. Hata Lamadi hatufiki. Na beringi mpya ziko Mwanza." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwona kama alivyokuwa siku ya kwanza nilipomleta nyumbani kwangu, mdogo na amejikunja, na cheko likaniisha.

Mkanda

Sasa tazameni jambo la ajabu. Wakati watu wote wanatoa maoni, Kaka Rajabu, mtu asiyeweza kumwachia hata sheikh neno la mwisho, alikuwa kimya. Alizunguka lori. Akaenda kutazama ziwa. Akarudi. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kishikizo cha shaba.

"Kaka, unaumwa tumbo?" nikamuuliza.

"Siumwi."

"Basi una nini?"

Akamtazama mwanawe pale chini. Kisha akapumua kwa nguvu. "Burma," akasema, "lori likifanya hivi, na vipuri hakuna, tulikuwa tunaweka ngozi."

Hamisi akainua kichwa. "Ngozi gani, Baba?"

"Nene. Ya ng'ombe. Iliyolainishwa kwa mafuta miaka mingi." Kila neno lilimtoka kwa shida. "Unafungua sampo ya oili kule chini, unatoa ganda lililolika, unaweka ngozi mahali pake. Inakwenda. Polepole, lakini inakwenda."

Hapakuwa na haja ya kuuliza ngozi hiyo tutaipata wapi. Sote tulikuwa tunaitazama. Kaka akageuka akatupa mgongo, akafungua kishikizo, akauvuta ule mkanda tundu kwa tundu. Alipomkabidhi Hamisi alisema tu, "Kata upande wa ndani, ndiyo laini." Suruali ikaanza kushuka pale pale, akaidaka.

Tulilala kwa yule katekista. Mkewe alitupikia sato kwa nyanya na ugali wa muhogo, na Bi Tatu akamsamehe. Hamisi na baba yake walikuwa chini ya lori mpaka giza likawafukuza, wakarudi chini tena kulipopambazuka, baba akishika suruali kwa mkono mmoja na spana kwa mkono wa pili. Kamba ya katani niliyompa aliikataa. Alisema mtu hafungwi kama mzigo wa pamba akienda ukweni.

Kijana wa baiskeli akatuletea oili safi kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hamisi akawasha. Gari likanguruma, na chini yake, badala ya ko-ko-ko, pakawa na kitu laini, puf-puf-puf, kama mtu anakung'uta godoro. Tulipiga vigelegele vikafika ziwani.

"Basi!" Hamisi akasema. "Kuanzia hapa hakuna wimbo."

"Nini?"

"Lazima nisikie injini. Hakuna wimbo, hakuna tari, na kila kilima mnashuka. Gia ndogo, mzunguko mwepesi, mzigo mdogo. Shangazi, nakuomba."

Kundi zima la waimbaji kunyamaza kutoka Nassa hadi Musoma! Bi Tatu alisema heri angeachwa kwa katekista.

Lamadi hadi Bunda, kimya

Sehemu hii sina mengi, kwa kuwa tulikatazwa kusema. Tulishuka kwenye vilima, tukatembea nyuma ya lori, tukapanda, tukashuka. Vumbi lilikuwa jingi, tukajifunika kanga gubigubi mpaka puani. Karatasi za rangi zilikwisha kuchanika, majani ya mgomba yamenyauka. Kicheko kilikuwa kinanibana mbavuni, nikimtazama Bi Tatu midomo yake inavyocheza bila sauti. Alikuwa anaimba kimoyomoyo.

Bunda, puf-puf ikaanza kurudi kuwa ko. Hamisi akaingia chini tena. Na hapo ndipo tumbo la Kaka Rajabu lilipotufaa, kwa sababu mkanda wa mtu mwembamba ungekuwa umekwisha. Ulibaki kipande kizuri, kikawekwa. Tulikula michembe ya Magu huku tumesimama. Sala ya Ijumaa ilitupita tukiwa pale pale Bunda, Hamisi akaitazama njia.

Musoma

Tuliingia Musoma watu wanatoka msikitini sala ya alasiri. Chukulieni sasa mko barazani. Mnamsubiri bwana harusi tangu mchana. Linatokea lori kwa mwendo wa mguu, halina wimbo. Majani yamenyauka. Nyuma yake wanawake wamejifunika vichwa, wamejaa vumbi, wanatembea kimya. Na mbele amekaa mzee ameinamisha kichwa, mikono imekazana mapajani.

"Inna lillahi," mtu mmoja akasema.

Ikaenea. Wanaume wakasimama na kuvua viatu. Mwanamke akaanza kulia, akafuatiwa na mwingine. Wapishi wakafunika pilau. Bi Tatu, kuona watu wanalia, na yeye akalia, bila kujua ni nani aliyekufa. Mzee Sefu mwenyewe akatoka na kanzu yake nyeupe, amenyoosha mikono, anamwendea kaka yangu.

"Ndugu yangu Rajabu, pole sana. Ni kazi ya Mungu. Alikuwa kijana mzuri."

"Nani?" Kaka akauliza.

"Hamisi."

"Shikamoo, Baba," Hamisi akasema kutoka kwenye usukani.

Mzee Sefu aliruka nyuma. Kaka naye, kwa heshima, akashuka ili amshike mkono, akasahau, akatoa mikono yote miwili. Mengine mmekwisha kuyasikia sokoni. Ndani alikuwa amevaa msuli, tumshukuru Mungu.

Watoto walicheka mpaka wakagaragara. Lakini Mzee Sefu hakucheka. Mtu aliyetoa pole bure hupandwa na hasira mara mbili. Akautazama msikiti, akalitazama jua.

"Nilisema baada ya sala."

"Ndiyo, Baba."

"Sala ipi hii?"

"Alasiri, Baba. Nimechelewa." Hamisi hakutafuta maneno. "Konrodi ya tatu imekufa Nassa. Nimekuja na ngozi."

"Dereva anayeua injini akienda kuoa," Mzee akasema, "nyumba ataifanyaje? Mara ya kwanza nilisema bahati mbaya. Geuza gari lako, kijana."

Niliona Hamisi anaweka mkono kwenye gia. Angegeuza kweli, mtoto mtiifu yule, na ile ngozi isingemfikisha hata mwisho wa mtaa. Nilifungua kinywa nimwambie Mzee Sefu ninachokijua, na hakikuwa cha heshima.

Hapo sauti ikatoka kwenye dirisha la chumba cha ndani, kwenye pazia lililoteremshwa. Bibi harusi siku ile hatoi sauti, mnajua. Akiulizwa kama ameridhia, hulia tu au hunyamaza, na kunyamaza ndiyo jibu. Sasa huyu akasema, tena kwa nguvu:

"Baba, usimwache azime kwanza. Hebu sikiliza."

"Mwanaidi!" bibi yake akapiga kelele ndani. "Nyamaza, mwanaharamu we!"

"Sikiliza, Baba. Kutoka Nassa kwa ngozi. Wewe mwenyewe uliwahi kufika wapi kwa ngozi?"

Mzee Sefu akainamisha kichwa kuelekea kwenye boneti. Baraza zima tukasikia: puf-puf-puf.

"Tarime," akasema taratibu. "Sikufika. Mkono ulikatika njiani."

"Basi huyu kafika," Mwanaidi akasema. "Mwendeshaji mbaya angekuwa amelipasua Lamadi. Kalibembeleza hadi mlangoni kwangu. Mimi namtaka huyo huyo, na nimeridhia, sheikh andika!"

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Vigelegele vya kutoka Nassa hadi pale, vyote tulivyovimeza njiani, vilitoka kwa mara moja. Mzee Sefu alikuwa anajaribu kukaza uso, ukamshinda, akacheka mpaka akashika bampa. Sheikh akasema katika kuozesha kwake kote hajapata kusikia ridhaa iliyo wazi namna ile. Pilau ikafunuliwa, na ilikuwa bado ya moto.

Kurudi

Nilirudi kwa meli pamoja na kaka na kundi zima. Lori lilibaki Musoma, injini iko mezani, na kwa kweli Kaka Rajabu hawezi tena kupita Magu bila zahanati.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kuwaaga. Fungate ilikuwa haijaisha, bibi harusi alitakiwa awe ndani, amefukizwa udi, anadekezwa. Nikamkuta uani amekunja kanga hadi magotini, hina bado nyekundu mikononi, na juu ya hina oili nyeusi. Ameshika lile ganda la namba tatu. Hamisi amechuchumaa pembeni.

"Tazama lilivyolika upande huu wa juu," alikuwa anamwambia. "Mchanga umechora mistari, kweli, na oili ilikuwa chache. Lakini hii ni gia. Ulikuwa unatembea polepole na gia kubwa, tena mlimani?"

Hamisi akaniona. Nikatazama kuku.

"Ndiyo," akasema.

"Kwa nini? Injini ikizunguka polepole hivyo, pampu haisukumi oili ya kutosha, na uzito wote unaligonga ganda. Dereva mzima hujui?"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Shangazi alikuwa anaimba," Hamisi akasema. "Nikaweka gia ndogo, nikawa simsikii."

Mwanaidi akanitazama, akamtazama mume wake, akaliweka lile ganda chini. Kisha akamfuta vumbi shavuni kwa mkono wake, akamwachia doa kubwa jeusi, na mtoto wangu akatulia kama alivyokuwa hajatulia tangu mama yake afariki. Nilitembea hadi gatini huku nalia na kucheka, na Bi Tatu akaniuliza nimeachwa na nani.